Vifaa Vinapotumia IRQ Moja: Jinsi ya Kukinasa Kinachokwamisha Wenzake

Kadi ya mtandao inakufa kila baada ya saa kadhaa. Sauti inakatika ukichomeka flashi. Tachipadi inaanza kusuasua, na ukifungua logi unakuta `irq 16: nobody cared`. Ukiangalia zaidi unaona vifaa vitatu viko kwenye IRQ 16 (IRQ ni laini yenye namba ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa), na hapo wengi husema: vinagongana, dawa ni kuvitenganisha. Mara nyingi si hivyo. Tangu PCI (njia ya kuunganisha kadi na ubao mama) ilipoingia, vifaa kadhaa kutumia laini moja ni jambo lililopangwa na linafanya kazi kimya kimya kwenye mamilioni ya mashine. Kinachovuruga ni kifaa kimoja, au draiva moja, isiyofuata kanuni za kushirikiana. Na kifaa kinachoumia hadharani huwa mara nyingi ndicho kisicho na kosa.

Hatua zilizo hapa chini zinatumia Linux zaidi kwa sababu inaonyesha mambo yake waziwazi. Windows ina sehemu yake mbele.

Kwanza, kinachotokea ndani

Kifaa kikihitaji huduma, kwa mfano paketi imeingia au diski imemaliza kusoma, hutuma ishara ya kuikatiza prosesa: intarapti. Kompyuta za enzi za ISA, mtangulizi wa PCI, zilikuwa na chipu mbili za 8259A zilizounganishwa, zenye laini namba 0 hadi 15. Namba 2 ilitumika kuunganisha chipu hizo, kwa hiyo zilibaki 15. Saa ya mfumo ilichukua 0, kibodi 1, poti za COM zikachukua 3 na 4, diski za IDE 14 na 15. Kwenye ISA intarapti ilitambuliwa kwa mruko wa umeme kutoka chini kwenda juu. Kadi mbili zikiwa kwenye laini moja, mruko wa moja ungeweza kumezwa na wa nyingine. Hofu ya "IRQ kugongana" ilizaliwa huko, na huko ilikuwa na haki yake.

PCI ilibadilisha kanuni. Laini hushushwa na kifaa, na hubaki chini mpaka kifaa hicho kihudumiwe. Intarapti ikiingia, keneli (kitovu cha mfumo endeshi) huita draiva zote zilizojiandikisha kwenye laini hiyo, moja baada ya nyingine. Ni kama nyumba ya vyumba vingi yenye kengele moja mlangoni: kila mpangaji anachungulia kuona kama mgeni ni wake. Draiva husoma rejista ya hali ya kifaa chake. Ikikuta kifaa ndicho kilichoita, hukihudumia, hufuta ishara na kujibu `IRQ_HANDLED`. Ikikuta si chake hujibu `IRQ_NONE`.

Sasa chukua hali ambapo laini imeshikiliwa chini na hakuna draiva inayodai ni yake. Prosesa ikimaliza tu kuuliza, inakatizwa tena papo hapo, bila mwisho. Linux hujilinda kwa kuhesabu: katika kila intarapti 100,000, zikizidi 99,900 zisizo na mwenyewe, laini inafungwa. Vifaa vyote vya laini hiyo vinaanguka pamoja, vikiwemo visivyohusika kabisa. Keneli huendelea kuvichungulia mara chache kwa sekunde, ndiyo maana tachipadi au kadi ya mtandao huonekana kuwa hai lakini yenye kujikokota sana, badala ya kufa moja kwa moja.

Njia ya tatu ni MSI (intarapti kwa njia ya ujumbe), iliyokuja na PCI 2.2: badala ya kushusha waya, kifaa huandika namba ndogo kwenye anwani maalumu. Kila kifaa hupata namba zake, hadi 32, na MSI-X iliyofuata huruhusu hadi 2048. Hapa hakuna kushirikiana, kwa hiyo hakuna jirani wa kumwumiza. PCI Express yenyewe haina waya wa intarapti; inachofanya kwa ajili ya draiva za zamani ni kutuma ujumbe unaoiga waya. Uigaji huo una kasoro zilezile za waya, na kushirikiana kulekule.

Hatua ya 1: Soma logi kabla ya kugusa chochote

```
sudo dmesg | grep -iE 'irq|nobody cared|mismatch|lost interrupt|timed out'
```

Kuna aina tatu za ujumbe na kila moja ina njia yake.

`irq 16: nobody cared` ikifuatiwa na `Disabling IRQ #16` ni dhoruba: kuna kifaa kinapiga kelele na hakuna anayekidai. Chini ya neno `handlers:` utaona vipokezi vilivyokuwa vimejiandikisha wakati huo. Usiichukulie orodha hiyo kama orodha ya watuhumiwa. Ni ya walioulizwa wakakana, na huenda wote walisema kweli.

`genirq: Flags mismatch irq 4. 00000080 (a) vs. 00000000 (b)` haina uhusiano na dhoruba. Hii ni draiva iliyofika ikakuta laini imeshikwa na nyingine isiyokubali kushirikiana. Namba ya kwanza ni ya aliyekuja, ya pili ni ya aliyetangulia. 80 ni alama ya kukubali kushirikiana, kwa hiyo hapa `b` ndiye mkaidi. Tarakimu ya mwisho hueleza aina ya ishara: 1 na 2 ni mruko wa kupanda na wa kushuka, 4 na 8 ni kiwango cha juu na cha chini. Wote wawili wanaweza kukubali kushirikiana na bado wakakataliwa kwa kutofautiana kwenye tarakimu hiyo. Draiva iliyokataliwa hurudisha kosa namba -16. Dawa yake huwa fupi: zima kile cha zamani usichokitumia, aghalabu poti ya COM au ya printa, ndani ya BIOS.

Ya tatu ni kimya. `lost interrupt` kutoka kwa diski, `NETDEV WATCHDOG` kutoka kwa kadi ya mtandao, `completion polled` kutoka kwa NVMe, au draiva ya sauti kusema inahamia `polling mode`. Hizi zinaonyesha kwamba intarapti ilitarajiwa ikakosekana. Ikiwa kwenye logi hiyo hiyo, juu kidogo, kuna `Disabling IRQ`, basi ni matokeo ya dhoruba. Shughulika na dhoruba. Kama hakuna, shuku MSI iliyoharibika au ramani mbovu ya BIOS.

Hatua ya 2: Andika wakazi wa laini hiyo

```
cat /proc/interrupts
```

Mstari wenye shida utafanana na huu:

```
 16:   99871   214   IO-APIC  16-fasteoi   ehci_hcd:usb1, i801_smbus, eth0
```

Namba ya IRQ, idadi ya intarapti kwa kila kiini cha prosesa, chipu inayozisimamia, aina, kisha majina. Majina yaliyotenganishwa kwa mkato yanashirikiana. Mistari yenye `PCI-MSI` haishirikiani na mtu, iache. Kwa kawaida wakorofi utawakuta kati ya 16 na 23, kwa sababu IO-APIC (chipu za kupokea intarapti zilizorithi kazi ya 8259A) nyingi zina milango 24 na ile 16 ya kwanza imehifadhiwa kwa vifaa vya mtindo wa zamani.

Tazama namba zikipanda:

```
watch -n1 -d cat /proc/interrupts
```

Laini yenye tachipadi na SMBus (njia ya kusomea vihisi vya ubao mama) tu ikipanda kwa maelfu kila sekunde wakati hujagusa kitu, dhoruba ipo hata kama keneli haijaifunga bado. Kisha angalia hesabu ya zisizo na mwenyewe:

```
cat /proc/irq/16/spurious
```

`unhandled` ikiwa 0 au ikisogea kwa nadra, laini ni nzima hata ikiwa na wakazi watano. Hesabu hii huanza upya kila zikifika 100,000, kwa hiyo isome mara kadhaa. Draiva moja kujibu "si wangu" haihesabiwi hapa; huhesabiwa pale tu wote wanapokana.

Tatizo la `/proc/interrupts` ni kwamba inaonyesha draiva zilizojiandikisha. Kifaa kisicho na draiva hakimo, na hicho ndicho mtuhumiwa wa kwanza ambaye watu humsahau. Ndiyo maana hatua inayofuata ipo.

Hatua ya 3: Kiulize kifaa chenyewe

Tangu PCI 2.3, kila kifaa kina biti mbili za thamani kubwa. Moja, kwenye rejista ya hali, inasema "hivi sasa ninaomba intarapti". Nyingine, biti ya 10 kwenye rejista ya amri, inamzuia kuomba kwa waya. `lspci` huzionyesha zote:

```
sudo lspci -vv | grep -E '^[0-9a-f]|Control:|Status:|Interrupt:|MSI'
```

Kwenye mstari wa `Status:` tafuta `INTx+`, yaani kifaa kinaomba kwa waya. Kwenye mstari wa `Control:` kuna `DisINTx`, ikiwa na `+` maana yake kifaa kimezuiwa. `MSI: Enable+` maana yake kifaa kimeshauacha waya.

Wakati mzuri wa kuendesha amri hii ni mara tu baada ya keneli kufunga laini. Mkorofi huwa bado ameishikilia, kwa hiyo utamkuta na `INTx+` na `DisINTx-`. Rudia mara nne au tano kwa kuachana sekunde chache: `+` ya mara moja si ushahidi, kwani kifaa kizima nacho huomba. `+` isiyoondoka ndiyo unayoitafuta. Kwa mashine nyingi kazi ya upelelezi huishia hapa, na inashangaza jinsi hatua hii inavyorukwa.

Jihadhari na mambo mawili. Kifaa kisicho na draiva kinaweza kuonyesha `routed to IRQ 11` wakati umeme wake kwa kweli unaingia IRQ 16, kwa sababu namba hiyo iliandikwa na BIOS na keneli huisahihisha tu draiva inapokiwasha kifaa. Amini `INTx+` kuliko namba. Pili, kadi za zamani sana hazina biti hizi, na kwao `INTx-` si cheti cha kutokuwa na hatia.

Ukishampata mtuhumiwa, mnyamazishe bila kugusa kitu kingine. Tuseme yuko 00:1f.4:

```
sudo setpci -s 00:1f.4 COMMAND=400:400
```

Sehemu ya pili ya 400 ni kinyago, inahakikisha biti hiyo peke yake ndiyo inayobadilika. Usiandike `COMMAND=400` bila kinyago, utazima na biti za kusoma kumbukumbu na kifaa kitapotea.

Laini iliyofungwa haifunguki yenyewe kwa sababu umemnyamazisha mkorofi. Ila huhitaji kuwasha mashine upya: draiva yoyote inayoshirikiana ikijiandikisha tena kwenye laini ile, keneli huipa nafasi nyingine. Ondoa moduli ya kifaa kisicho muhimu kwenye laini hiyo kwa `modprobe -r`, irudishe kwa `modprobe`, kisha tazama hesabu. Ikitulia, umethibitisha.

Hatua ya 4: Kama INTx haikusema kitu, ondoa mmoja mmoja

Jua kwanza draiva inayoshika kifaa, kisha itenganishe nacho:

```
ls -l /sys/bus/pci/devices/0000:00:1f.4/driver
echo 0000:00:1f.4 | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/i801_smbus/unbind
```

Anza na vya pembeni: SMBus, sauti, poti za ziada. Usitenganishe kidhibiti cha diski yenye mfumo, wala kadi ya mtandao unayoingilia kwa mbali. Baada ya kila kimoja, pa laini muda uleule uliokuwa ukitosha tatizo kujitokeza. Kama dhoruba ilikuwa inakuja baada ya saa mbili, dakika kumi za utulivu hazithibitishi chochote.

Ukitenganisha na dhoruba ikakoma, mkorofi ni huyo. Ukitenganisha na dhoruba ikazidi, huenda pia ni huyo! Kuondoa draiva hakukinyamazishi kifaa. Kunaondoa tu aliyekuwa akikitambua. Katika hali hiyo mzuie kwa `setpci` kama ilivyoelezwa, na ikitulia, umempata.

Kuna umbo la tatizo hili linalotokea wakati wa kuwaka tu, na huwachanganya hata wenye uzoefu. BIOS huacha kifaa, mara nyingi kidhibiti cha USB kilichokuwa kikisaidia kibodi, kikiwa bado kinaomba. Draiva ya jirani inapakiwa kwanza, inafungua laini, na kelele za kifaa kile hazina wa kuzipokea kwa sababu draiva yake haijafika. Inapofika laini imeshafungwa. Dalili: dhoruba hutokea sekunde za mwanzo, kila mara, kisha haitokei kamwe ukipakia moduli kwa mkono kwa mpangilio tofauti. Zima msaada wa USB wa zamani kwenye BIOS, au iingize draiva ya mkorofi kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mwa kuwaka) ili itangulie. Hali hiyohiyo hujitokeza keneli moja inapoanzisha nyingine bila kupitia BIOS, kama kdump (inayohifadhi kumbukumbu keneli ikianguka), kwa kuwa hakuna aliyevinyamazisha vifaa katikati. Ndiyo sababu mipangilio ya kdump kwenye mifumo mingi huwekewa `irqpoll`.

Hatua ya 5: Mtoe kwenye laini

Suluhisho bora ni MSI. Ikiwa `lspci -vv` inaonyesha kifaa kina MSI lakini `Enable-`, tafuta sababu. Ya kwanza ni aibu lakini ya kawaida: mtu aliwahi kuweka `pci=nomsi` akisuluhisha jambo jingine na ikasahaulika. Angalia `cat /proc/cmdline`. Ya pili ni draiva inayohitaji kuambiwa. Kwa sauti ya Intel, weka mstari huu kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`:

```
options snd_hda_intel enable_msi=1
```

Ya tatu ni keneli kuizima kwa makusudi kwa sababu chipu hiyo inajulikana kuharibu MSI. Iheshimu.

Usiwashe MSI kwa `setpci`. Biti itakubali, kifaa kitaanza kuandika ujumbe wake, lakini draiva haijasajili wa kuupokea. Umebadilisha dhoruba kuwa ukimya.

Kifaa kisicho na MSI lakini chenye draiva inayoweza kufanya kazi bila intarapti nacho hutoka. SMBus ya Intel ni mfano mzuri, maana ni mkazi wa kudumu wa laini zenye ugomvi:

```
options i2c_i801 disable_features=0x10
```

Hii huifanya draiva ichungulie yenyewe badala ya kusubiri intarapti. Kwa kusoma joto na kasi ya feni, hutaona tofauti. Usipokitumia kifaa kabisa, andika `blacklist` na jina la moduli, kisha jenga upya initramfs (`update-initramfs -u` au `dracut -f`), la sivyo moduli itapakiwa mapema kabla faili lako halijasomwa. Lakini kumbuka kilichosemwa: kifaa bila draiva kinaweza kuendelea kupiga kelele. Bora kizimwe kwenye BIOS.

Kuhamisha kadi kwenye sloti nyingine husaidia pia, na si kwa bahati nasibu. Kwenye sloti za PCI pini A ya sloti ya kwanza huenda laini moja, pini A ya sloti ya pili laini inayofuata, na mzunguko unarudi baada ya sloti nne. Kuisogeza kadi sloti moja pembeni hubadilisha jirani. Kuisogeza sloti nne kunairudisha kwa walewale. PCI Express hutumia mzunguko huohuo nyuma ya madaraja yake. Kwenye kompyuta mpakato njia hii haipo, na vifaa vilivyochomewa kwenye ubao mama havihami.

Hatua ya 6: Vigezo vya keneli, vikiwa vya mwisho

Ujumbe wa `nobody cared` wenyewe hukupendekezea `irqpoll`, na pendekezo hilo limepotosha wengi. Kigezo `irqfixup` huiambia keneli: ikitokea intarapti isiyo na mwenyewe, waulize hata wakazi wa laini nyingine. `irqpoll` huongeza kuwauliza kila saa ya mfumo inapogonga. Mashine itaendelea kufanya kazi, kwa uzito, na chanzo kitabaki palepale. Kina manufaa kama kipimo: dhoruba ikipona chini ya `irqfixup`, maana yake kuna draiva iliyokuwa tayari kuidai ila imeandikishwa kwenye namba isiyo sahihi. Hilo ni kosa la ramani ya BIOS, si la kifaa. Hapo sasisha BIOS, au jaribu `acpi=noirq` na `pci=routeirq`, kimoja kimoja.

`noapic` karibu kila mara hufanya hali iwe mbaya zaidi. Inairudisha mashine kwenye zile laini 15 za 8259A, na vifaa vilivyokuwa vimetawanyika vinarundikwa pamoja. `pci=nomsi` itumie kwa kuwaka mara moja tu, kuthibitisha kwamba MSI ya kifaa fulani ndiyo mbovu, kisha iondoe.

Kwenye Windows

Fungua `devmgmt.msc`, menyu ya View, kisha Resources by type, kisha Interrupt request (IRQ). Namba hasi kama -2 au -7 ni za MSI na hazishirikiani. Namba chanya zinazojirudia kwa vifaa tofauti ndizo za kuangalia. Orodha ndefu ya Microsoft ACPI-Compliant System kuanzia 54 hadi 511 ni ya kawaida, usiihangaikie. Muhtasari wake unapatikana `msinfo32`, chini ya Hardware Resources, Conflicts/Sharing. Kichwa hicho kinaweka mgongano na ushirikiano kwenye kapu moja, kwa hiyo kuwamo humo si kosa.

Skrini ya bluu ya `DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL` haihusiani na namba ya IRQ. IRQL ni ngazi ya kipaumbele ndani ya Windows, na ujumbe ule unasema draiva imegusa kumbukumbu isiyostahili ikiwa kwenye ngazi ya juu. Kuhamisha kadi sloti hakutaitibu. Code 12 nayo ni upungufu wa rasilimali kwa ujumla, na siku hizi mara nyingi ni nafasi ya anwani za kumbukumbu, si IRQ.

Dhoruba kwenye Windows huonekana kama System interrupts kula prosesa ndani ya Task Manager. LatencyMon itakutajia draiva inayotumia muda mrefu zaidi kupokea intarapti. Kisha zima vifaa vya laini hiyo kimoja kimoja kwenye Device Manager.

Kukihamishia kifaa MSI, fungua regedit na ufuate tawi la kifaa chako chini ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Enum\PCI`, hadi `Device Parameters\Interrupt Management\MessageSignaledInterruptProperties`, na uweke DWORD iitwayo `MSISupported` iwe 1. Kabla ya hapo hakikisha kifaa kina MSI kweli. Njia rahisi ni kuwasha Linux ya kwenye flashi na kuendesha `lspci -vv`. Usijaribu kwa kidhibiti cha diski ya mfumo bila nakala, maana ikikataa Windows haitawaka. Ukisasisha draiva, thamani hiyo inaweza kurudi ilivyokuwa.

Kwa anayeandika draiva

Makosa yanayozaa haya yote ni machache na yanajirudia. Kipokezi chenye adabu hufanana na hiki:

```
static irqreturn_t kadi_irq(int irq, void *data)
{
        struct kadi *k = data;
        u32 hali = readl(k->regs + HALI);

        if (hali == 0xffffffff || !(hali & k->kinyago))
                return IRQ_NONE;

        writel(hali, k->regs + HALI);
        readl(k->regs + HALI);
        kadi_hudumia(k, hali);
        return IRQ_HANDLED;
}
```

Ukaguzi wa `0xffffffff` si pambo. Kifaa kilicholala au kilichochomolewa hujibu biti zote zikiwa 1, na draiva isiyokagua itadhani kila intarapti ya jirani ni yake. `readl` ya pili inalazimisha uandishi ufike kwenye kifaa kabla ya kutoka. Bila hiyo laini inaweza kuwa bado chini na kipokezi kikaitwa tena bure. Na usirudishe `IRQ_HANDLED` kwa kila kitu ili kuepuka malalamiko ya keneli. Utakuwa umeizima kengele ya hatari, na dhoruba ya jirani itaigandisha mashine nzima bila neno hata moja kwenye logi.

Mpangilio wa kuanza: nyamazisha kifaa, andaa data zote, ndipo uite `request_irq`, kisha fungulia kifaa. Kwenye laini ya pamoja kipokezi chako kinaweza kuitwa papo hapo kwa sababu ya jirani, kabla kifaa chako hakijafanya lolote. Kwenye kuondoka ni kinyume: nyamazisha, `free_irq`, ndipo uachie kumbukumbu. Hapa `devm_request_irq` ina mtego, kwani huachia IRQ baada ya `remove` kumaliza. Ukiwa umeachia data kwa mkono ndani ya `remove`, kuna dirisha dogo ambamo intarapti ya jirani itakiita kipokezi chako juu ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Jenga keneli ya majaribio yenye `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`. Hutuma intarapti ya bandia wakati wa kujiondoa na kosa hili hujianika lenyewe.

Usiite `disable_irq` kwenye laini ya pamoja, unawazima na wengine. Zima ndani ya kifaa chako. Na kama chipu inaruhusu, omba kwa `pci_alloc_irq_vectors` ukitumia `PCI_IRQ_ALL_TYPES`, ambayo hujaribu MSI-X, kisha MSI, na waya mwishoni. `pci_request_irq` huweka alama ya kushirikiana yenyewe.

Ukipeleka tatizo kwa wenye draiva

Ambatanisha `dmesg` nzima tangu kuwaka, nakala mbili za `/proc/interrupts` zilizoachana sekunde kumi, `sudo lspci -vvnn` iliyochukuliwa wakati laini imefungwa, `/proc/cmdline`, na toleo la BIOS kutoka `sudo dmidecode -t bios`. Taja ulivyotenganisha na kilichotokea kwa kila kimoja. `lspci` iliyochukuliwa bila `sudo` huficha sehemu ya MSI, na utaombwa uirudie.